Waraka kwa wakurugenzi wa simu: saa ya forfe isimame mnara unapozimika

Kwa Wazee wetu, Wakurugenzi wa makampuni ya simu yanayohudumia Kivu ya Kaskazini,
Kinshasa.

Wapendwa Wazee wetu,

Ninayewaandikia ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Walikale, mzaliwa wa Masisi, mteja wenu wa miaka mingi. Mama yangu yuko upande wa Nyabiondo. Mwanangu mkubwa anasoma Goma. Dada yangu anauza mchele na samaki wa chumvi Njingala. Zamani tulikuwa tukitembeleana kwa pikipiki, hata kama barabara ilikuwa mbovu. Siku hizi kati yangu na mama kuna vizuizi vingi mno, na njia ya kufika kwake iliyobaki wazi ni ile mnayoiuza ninyi. Kwa hiyo nikitoa neno kali humu, naomba mlipokee kama neno la mtu anayewahitaji.

Ombi langu kubwa ni moja, nalitaja mapema msije mkachoka kabla ya kulifikia: mnara ukizimika, saa ya forfe, yaani bando, nayo isimame. Siku ambayo hamkutupa rezo, yaani mtandao, msiihesabu kuwa siku tuliyoitumia.

Mnatutumia ushauri kila mara kwa SMS: nunua forfe ya mwezi, uokoe fedha. Kwa mtu wa Gombe au Ngaliema, huko Kinshasa, ushauri huo ni sahihi, na akiufuata atapata faida. Kwetu sisi ni kamari. Tuchukue hesabu ya mfano, kwa maana bei zenu hubadilika na sipendi tubishane juu ya tarakimu. Tuseme forfe ya siku ni faranga 500 kwa mega 100, na forfe ya mwezi ni faranga 10,000 kwa mega 3,000. Anayenunua kila siku atafika mwisho wa mwezi ametoa faranga 15,000 kwa mega zilezile 3,000. Amelipa nusu zaidi ya mwenzake, na kosa lake ni kwamba hakuwa na faranga 10,000 mkononi kwa wakati mmoja.

Sasa mnara uzimike siku 10 kati ya siku 30. Huku kwetu hilo si jambo la kushangaza mtu. Mwenye forfe ya mwezi amebaki na siku 20, na fedha alishazitoa zote siku ya kwanza. Mwenye forfe ya siku akiona hakuna rezo hanunui, kwa hiyo ametoa 500 mara 20, yaani faranga 10,000. Wamelipa sawasawa. Akiba yote ya yule aliyejibana, akauza kuku, akanunua ya mwezi kama mlivyomshauri, imeliwa na mnara. Na ukizimika siku 12 badala ya 10, yule aliyewasikiliza ninyi ndiye aliyepata hasara kuliko mwenzake ambaye hakuwasikiliza.

Ndiyo maana mnatuona tunanunua kidogo kidogo. Nimewahi kumsikia mtu wa mjini akisema watu wa vijijini hawajui kupanga matumizi. Tunajua sana. Mama anayeuza sombe sokoni anajua faranga 500 zake zinafanya kazi gani leo, na anajua kwamba kesho ya mnara haiko mikononi mwake. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilihesabu kwamba zaidi ya watu 7 kati ya 10 katika nchi yetu walikuwa wakiishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Mtu wa namna hiyo hupata fedha kwa siku, na bei zenu nzuri mmeziweka kwenye mwezi.

Mnisamehe nikiwaeleza jinsi tunavyobana matumizi, maana nadhani mkijua mtaona ni kazi kubwa kiasi gani kuwa mteja wenu huku.

Jambo la kwanza ni laini. Karibu kila mwenye simu hapa anabeba laini mbili, wengine tatu, ya tatu imefungwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya kifuko cha simu. Hatufanyi hivyo kwa kupenda matangazo yenu. Leo mnara wa kampuni hii unafanya kazi na wa ile umekufa, kesho ni kinyume. Ushauri ninaowapa walimu wenzangu ni huu: usinunue forfe asubuhi kwa mazoea. Washa simu kwanza, tazama ni laini ipi yenye mistari ya rezo, subiri nusu saa uone kama mistari inakaa, ndipo ununue. Wengi wamenunua saa moja asubuhi, saa tatu rezo ikaondoka, na saa 24 zikaendelea kuhesabiwa hadi zikaisha.

Jambo la pili ni umeme. Simu isiyo na moto haitumii mega, lakini forfe yake inakufa vilevile. Twendeni kwenye kibanda cha kushajia simu, mkione. Juu ya bati kuna paneli mbili za jua, waya unashuka ukutani hadi kwenye betri ya gari, na juu ya ubao mrefu simu zimelala zikigusana mabega, kila moja ina kipande cha skochi mgongoni chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Mwenye simu anabaki na namba ileile kwenye kikaratasi. Mvua ikinyesha mchana kutwa, na Walikale ni nchi ya msitu, mvua inanyesha kweli, paneli hazipati jua, na simu iliyopelekwa asubuhi inachukuliwa jioni ikiwa haijafika hata nusu. Mteja amelipia kushaji, amelipia forfe, na siku imekwisha. Hapo sijawalaumu ninyi kwa mvua. Nataka tu mwone kwamba saa 24 za Kinshasa na saa 24 za hapa si saa zilezile, kwa maana simu ya hapa huenda imekaa gizani saa 10 kati ya hizo.

Halafu kuna desturi za kutumia mega zenyewe. Huku tunaandika ujumbe wa WhatsApp data ikiwa imezimwa, hata ujumbe wa dakika tano wa sauti tunaurekodi kabla, kisha tunawasha data, tunasubiri alama mbili zionekane, tunazima. Dakika mbili zinatosha. Tumezima kujipakua kwa picha na video, jambo ambalo mtu yeyote anayesoma waraka huu anaweza kulifanya leo kwenye mipangilio ya WhatsApp, na ataona forfe yake inavyorefuka, hasa kama yumo kwenye makundi ya kwaya na ya ukoo ambako watu wanatuma video za mazishi na arusi bila huruma. Programu zinazojisasisha zenyewe tumezifunga. Video ya mwalimu mkuu ikiwa ya lazima, inapakuliwa na mmoja, kisha inapita kwa wengine kwa bluetooth, bila mega hata moja.

Na kuna likelemba. Akina mama wa soko wanaozungushiana fedha kila wiki wameongeza zamu nyingine: watu watano wanachanga, wanaweka forfe moja kubwa kwenye simu ya yule mwenye betri nzuri, na jioni wanakaa karibu naye akiwafungulia rezo ya kushiriki. Kila mmoja anapata muda wake. Wanaangalia bei ya mawese na ya maharage huko Goma au Bukavu, wanasikiliza ujumbe wa watoto, wanatuma zao. Niliwatazama kwa makini kwa sababu nilitaka kuwafundisha wanafunzi wangu hesabu ya mgawanyo kwa mfano huo. Hesabu ilikuwa safi, kila mtu alilipa theluthi mbili ya bei ambayo angelipa peke yake. Kisha ukaja mwezi ambao rezo ilikatika mfululizo, na forfe ya watano ikafa karibu nzima. Aliyekuwa na simu ndiye aliyeulizwa fedha zimekwenda wapi. Hakuwa na la kujibu isipokuwa kuonyesha simu yake isiyo na mistari. Likelemba ni uaminifu kabla ya kuwa fedha, Wazee wetu, na uaminifu wa wanawake watano uliguswa kwa sababu ya kaunta isiyojua kusimama.

Najua minara inazimika kwa nini. Siwaandikii kama mtu anayedhani mnara unakula hewa. Umeme wa SNEL haufiki vijijini kwetu. Mnara unakula mazutu ya jenereta au jua la paneli, na minara yenye paneli bado ni michache. Mazutu yanakuja kwa barabara. Daraja likivunjika, lori likizama kwenye tope, mapigano yakizuka kati ya Sake na Masisi au upande wa Pinga, mazutu hayafiki, na pengine fundi hawezi kupanda. Najua pia kwamba sehemu kubwa ya minara hamuimiliki wenyewe, mnaikodi kwa kampuni kama Helios Towers ambayo ina zaidi ya 2,000 nchini. Najua juu ya kila forfe kuna TVA ya asilimia 16 na ushuru mwingine kabla ninyi hamjapata chenu. Na najua kuna mafundi wenu waliopita mahali ambapo hata askari waliogopa kupita. Hao nawainamia.

Mwaka 2025 ulitupima sisi sote. Tarehe 4 Januari M23, kundi la waasi, iliingia Masisi-centre. Tarehe 27 ikaingia Goma. Tarehe 19 Machi ikafika hapa Walikale-centre, ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Hata Alphamin, yenye mgodi mkubwa wa bati kule Bisie, ilisimamisha kazi tarehe 13 Machi na kuwaondoa watu wake. Hakuna mwenye akili atakayewadai rezo kwa siku zile. Mega zangu hazina thamani ya uhai wa fundi.

Lakini sikilizeni kilichotokea. Tulikimbia, tukaingia msituni, simu nimeizima na kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki isipate maji. Ndani yake mlikuwa na forfe ya mwezi ambayo nilikuwa nimeinunua karibuni, kwa mshahara, nikitaka kuwa na hakika ya kuongea na mama kila wiki. Niliporudi nikawasha. Ujumbe wa kwanza ulioingia ulitoka kwa kampuni moja ambayo sitaitaja: forfe yako imefikia mwisho wa muda wake. Wa pili ulikuwa tangazo la forfe mpya. Wa tatu ndio ulikuwa wa mwanangu, akiuliza kama tuko hai.

Sikuiandikia kampuni hiyo wakati ule. Kila mtu alikuwa na yake ya kuomboleza. Lakini mpangilio ule wa jumbe tatu umebaki kichwani, nami naamini hakuna mkurugenzi hata mmoja kati yenu ambaye angeupanga hivyo kwa mkono wake. Mashine ilipanga. Basi mashine ifundishwe.

Na inaweza kufundishwa. Hapa naomba nisikilizwe na mafundi wenu, siyo na watu wa matangazo peke yao. Mna chumba ambamo minara yote inaonekana kwenye skrini. Mnara wa kijiji ukifa, alama inabadilika palepale, na saa ya kufa inaandikwa. Ukiamka, saa ya kuamka inaandikwa. Mtandao pia unajua kila namba ya simu ilionekana mara ya mwisho chini ya mnara gani, ndiyo maana mtu akipigiwa simu inamfikia. Unganisheni vitu hivyo viwili. Namba iliyokuwa chini ya mnara wa Kashebere ulipozimika, na haikuonekana tena mahali pengine hadi mnara uliporudi, forfe yake iongezewe saa zilezile. Aliyesafiri akaonekana Goma, saa yake iendelee kama kawaida. Hakuna haja ya mteja kuomba, kupanga foleni, wala kupiga simu kwenye huduma kwa wateja ambako rezo itakatika kabla hajamaliza kubonyeza namba za lugha.

Mtasema ni kazi kubwa. Nikumbushe RAM. Kuanzia Septemba 2020 hadi mwanzoni mwa 2022, kwa agizo la serikali, mashine zenu zilikata kodi hiyo ya simu ndani ya unite zetu kwa mafungu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, dola 1 kwa simu ya 2G. Fedha hazikuwa zenu, hilo nalijua, na vijana wa vuguvugu la LUCHA pamoja na wananchi wengine walipiga kelele hadi kodi ikafutwa. Ninachokumbuka ni ufundi wake. Mashine ilijua kutofautisha simu ndogo ya vitufe ya mama yangu na simu yangu ya kioo. Ilijua nani ameweka unite saa hii, ikakata kabla hajapiga hata simu moja, Nyabiondo kama Kinshasa. Mashine iliyoweza kumfikia mama yangu kijijini ili kumtoza inaweza kumfikia ili kumrudishia saa zake.

Wala hamtakuwa wa kwanza kuguswa na suala la muda. Afrika Kusini, kanuni za ICASA, msimamizi wa mawasiliano huko, zilizoanza kutumika mwaka 2019 ziliwapa wateja haki ya kuhamishia mega zilizobaki kwenye kipindi kingine na kumgawia mtu mwingine. Kenya, Safaricom ilianza kuuza bando zisizo na mwisho wa muda mnamo Oktoba 2019, baada ya wateja kulalamika na mmoja wao kuipeleka mbele ya sheria. Uganda, mwaka 2021, MTN na Airtel zote mbili zikaleta za kwao. Tanzania mwaka huohuo wananchi walipaza sauti juu ya bei za bando hadi bei mpya zikasimamishwa, na TCRA, msimamizi wa mawasiliano huko, ikaweka kanuni za kuhamisha na kuendeleza bando ambalo halijaisha. Ninayataja haya kwa sababu ya udugu. Airtel ya Kampala na Airtel ya Goma ni watoto wa Airtel Africa. Vodacom Group ya Afrika Kusini ndiyo yenye sehemu kubwa ya hisa za Safaricom. Siwaombi mkajifunze kwa wageni. Waulizeni ndugu zenu walifanyaje, na kama walifilisika.

Hapo ndipo pia ninapoleta ombi dogo lililo chini ya lile kubwa: forfe ndogo, ya bei ya mama wa sombe, isiyo na mwisho wa muda. Mega 50 zikae hadi zitumike. Mnachopoteza kwa saa mtakipata kwa watu, kwa maana wapo wengi sana huku ambao wameacha kabisa kununua mega na wanabaki kubipa: mlio mmoja, nimefika, milio miwili, nipigie. Watu hao hawawapi hata faranga moja.

Simu imekuwa pia sanduku letu la fedha. Tangu mabenki ya Goma yafungwe mwishoni mwa Januari 2025, fedha ya karatasi ikawa ngumu, noti zilizochanika zikakataliwa, na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zikabeba mzigo uliokuwa wa mabenki. Karo ya mwanangu inapita humo. Ada ya kutuma nalipa, ada ya kutoa analipa yeye, na mwenye kabini anaongeza ya kwake juu kwa sababu noti anazitafuta kwa taabu. Nimemfundisha mtoto alipe duka na nyumba ya kupanga moja kwa moja kutoka kwenye simu, asitoe noti ila za lazima, na kwa hilo peke yake tumeokoa fedha nyingi kuliko kwa hila zote za mega. Lakini hata hilo linataka rezo. Siku mnara umezimika, mama mgonjwa anaweza kuwa na fedha zake kamili ndani ya simu na asiweze kununua dawa.

Ninyi mmezoea barua kutoka Masisi na Walikale zinazozungumzia koltani na bati, na mnastahili kusikia kwa nini hii inazungumzia mega. Tantali ya koltani ya Rubaya, mgodi ambao Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa unatoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia, imo ndani ya simu. Bati la Bisie ndilo linalounganisha vipande vyake. Hayo yameandikwa vizuri na watu wenye elimu kuliko mimi. Linalonihusu ni jirani yangu. Pale penye wachimbaji na wanunuzi wa madini, mnara wa simu hufika mapema, kwa kuwa fedha inazunguka na unite zinanunuliwa usiku na mchana. Pale penye mashamba ya mihogo, zahanati na shule, watu wanapanda kilima. Kuna vilima huku ambavyo nyasi za juu zimekwisha kwa kukanyagwa, na asubuhi utakuta mkunga, karani wa kanisa na kijana mwenye mchumba Bukavu wamesimama hatua chache kutoka kwa kila mmoja, kila mtu amepata mahali pake ambapo simu inashika, na hapo ndipo forfe zenu za saa 24 zinapotumika kwa muda wa saa moja, kisha watu wanashuka kwenda kazini.

Teritwari ya Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na msitu wake ni mzito. Sidai mnara kila kijiji kesho. Mwaka 2025 Vodacom na Orange walitangaza kwamba watashirikiana kujenga minara ya vijijini inayotumia jua, hadi 2,000 kwa miaka 6. Habari hiyo niliisoma kwa furaha ya kweli, kwa sababu mnara wa jua hausubiri lori la mazutu. Naomba tu majina ya Masisi na Walikale yawemo kwenye orodha ile, na yawemo kwa ajili ya wakulima, wasije wakaambiwa kwamba mnara wa mgodi ulio umbali wa siku moja ya mguu ni wa kwao pia. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 inautambua mfuko wa huduma kwa wote, ambao kazi yake ni kufikisha mawasiliano mahali ambapo biashara peke yake haifiki. Mfuko huo na ARPTC, ambayo ndiyo msimamizi wenu, nawapelekea nakala ya waraka huu kwa heshima ileile. Wao ndio wanaoweza kulifanya jambo la saa kuwa kanuni, ili kampuni iliyo na moyo mwema isiadhibiwe sokoni na ile isiyo nao.

Hadi siku hiyo ifike, sisi tutaendelea na hila zetu, na walimu wenzangu wanaosoma hapa nawasihi: nunueni baada ya kuona mistari, gawaneni forfe na mtu mnayemwamini, zimeni data mkimaliza, na kila mnara ukizimika andikeni kwenye daftari tarehe, saa ya kuzimika na saa ya kurudi. Mimi nina daftari hilo. Wanafunzi wa darasa la 6 wananisaidia kulijaza, kila mmoja kwa mtaa wake, na tumeanza kulijumlisha kila mwisho wa mwezi kama zoezi la hesabu. Kampuni itakayotaka kulinganisha daftari letu na skrini zake, tuko tayari kulituma, ukurasa kwa ukurasa.

Kama mtajibu, naomba jibu lije kwa SMS, kwa Kiswahili, fupi. Msitume video wala picha wala kiungo cha kufungua. SMS hupita hata kwenye mstari mmoja wa rezo, na nitaweza kuisoma sokoni kwa sauti, mbele ya wale mama watano.

Wenu katika heshima,

Mwalimu, Walikale-centre
Kivu ya Kaskazini